Skuta ya Marehemu Ándaras

Tangu Mihkkal aondoke, Risten alikuwa anaishi kwa mazoea tu. Theluji ya kwanza ilipotanda, mumewe alifunga mizigo nyuma ya skuta yao ya theluji, ile pikipiki inayoteleza kwa vibao, akateremka nayo juu ya mto ulioganda kuelekea mji wa Alta, kwa mwanamke anayeuza mapazia. Risten alisimama dirishani akiosha vikombe. Watu wa kijiji chao cha Máze walingoja alie, wakangoja, hata wakachoka.

Lakini mifugo haijui habari za ndoa. Februari ilipoingia, kaka yake Áilu, aliyekuwa akimchungia kulungu wake wa theluji pamoja na wale wake mwenyewe, alimwambia bila kuzunguka: "Dada, siwezi kukubeba nyuma yangu kama gunia msimu mzima. Tafuta skuta, au niuzie wanyama."

Ndipo alipoliona tangazo dukani, limebandikwa kwenye friji ya maziwa. Skuta kuukuu, inawaka. Namba ya simu aliijua kwa moyo, ilikuwa ya Gáren, mama yake Mihkkal. Hawakuwa wamesemezana tangu ndoa ivunjike. Risten hakupiga simu. Alilipia maziwa, akaenda kwa miguu.

Gáren alifungua mlango kabla haujabishwa. "Kumbe siku zote hizi hunywi maziwa?" alisema. "Tangazo nimelibandika pale kwa ajili yako."

"Si ungenipigia, mama."

"Nikwambie nini? Ingia, usinimwagie joto nje."

Alimpa kahawa yenye vipande vya nyama kavu ndani, kama desturi yao. Risten alikunywa, akatafuna, asisikie ladha yoyote. Kisha wakatoka nyuma ya nyumba, Gáren akavuta turubai. Skuta ilikuwa ya marehemu mumewe, Ándaras. Kiti kilikuwa kimepasuka, kioo cha mbele kimefungwa kwa utepe wa gundi.

"Kroni elfu kumi na tano," alisema Gáren.

"Sawa."

"Sawa nini? Huombi hata nipunguze? Unanunua kama mtu anayelipa faini!"

"Basi elfu kumi."

"Elfu kumi! Mwizi wee! Kumi na mbili."

"Sawa, mama."

Mkwewe akatikisa kichwa. Akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena, akaipiga injini teke. "Hii imefanana na mwenyewe," alisema. "Mpaka umtukane ndipo aamke." Akatukana. Injini ikakohoa, ikanguruma, moshi wa buluu ukajaa ua.

Risten akapanda, akashuka nayo mtoni kuijaribu. Barafu ilikuwa ngumu, jua liko chini, kweupe kila upande. Zamani mwendo huo ungemfanya apige kelele peke yake kama mwehu. Sasa aliona miti ikipita, basi. Alikwenda hata nyumba za mwisho zikapotea nyuma yake. Alama za skuta nyingine zilinyooka mbele kuelekea Alta. Akazima injini.

Alidhani hapo machozi yatakuja, maana palikuwa mahali pazuri pa kulia, hapana mtu. Akayangoja kama mtu anayengoja kupiga chafya. Hayakuja. Vidole vilipoanza kufa ganzi alivuta kamba, akageuza.

Gáren alikuwa amesimama ukingoni bila kofia. "Nilidhani umekwenda kumpiga."

"Nilifika njia ya Alta. Sikukumbuka nimpige kwa nini."

"Mimi nakumbuka. Ukisahau, uje nikukumbushe." Kikongwe alifuta pua kwa mkono wa koti. "Alikuja Jumapili, mwanangu huyo. Anaitaka hii, tena bure. Eti urithi. Nikamwambia imeshauzwa."

"Kwa nani?"

"Kwako. Ulikuwa tu hujapata habari."

Risten alijua hapa panafaa kukumbatiana, na mikono yake haikuinuka. Gáren naye hakuonekana kulingojea kumbatio hilo. Aliingia bandani, akarudi na mkanda wa akiba wa injini na kopo la mafuta, akavifunga nyuma ya kiti kwa fundo la haraka.

"Mkanda huu ni wa zamani lakini mzima. Na usiende kwa kasi kwenye mawe, Ándaras aliharibu vibao vya mbele hivyo hivyo."

"Nitalipa kwa simu nikifika nyumbani."

"Lipa ukitaka. Ila uje kunywa kahawa, usingoje nibandike matangazo."

Asubuhi iliyofuata Risten alipanda juu nyikani. Alimkuta Áilu akihangaika na kulungu waliotawanyika kwenye kilima. Kaka yake alinyoosha mkono tu upande wa kushoto, na Risten akazunguka huko, akawarudisha polepole wasishtuke. Walifanya kazi hivyo mpaka jioni. Alipokula alisikia tena chumvi kwenye nyama, kidogo, akaongeza sahani ya pili.