Risala ya Bomba la Upepo

Felomena aliwahi kumwamkia mtu huku anatamani kumng'ata. Ilikuwa pale steshenari ya Selestini, Ruangwa mjini, siku ambayo mgeni rasmi alikuwa anakwenda kijijini kwao, Mbekenyera.

Risala ya akina mama wa kijiji alikuwa ameichapa mwenyewe pale pale jana yake, maana ndiye aliyesoma chuo kule Nachingwea. Ilisema wazi: bomba lilizinduliwa kwa ngoma na pilau, likatoa maji mwezi mmoja, tangu hapo linatoa upepo. Katikati ya kuchapa umeme ukakatika, ukurasa mzima ukapotea. Felomena alilalama mpaka koo likakauka. Umeme uliporudi akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akaweka faili ijisevu yenyewe kila mtu akiacha kibodi kidogo tu. Akaandika upya, akaondoka anatamba kwamba sasa hakipotei kitu.

Alichosahau ni mazoea ya Selestini. Huyu haanzi kazi na ukurasa mtupu hata siku moja. Ukitaka kadi ya harusi, anafungua ya bwana harusi wa juzi, anafuta majina, anaweka yako, halafu ndiyo anaisevu kwa jina jipya.

Basi leo Felomena kaja kuprinti, anakuta kwenye kioo faili yake ile ile, lakini ndani imeandikwa: "Tunashukuru kwa bomba letu linalotiririka usiku na mchana." Pembeni, kwenye stuli, kakaa mzee Kipriani, mwenyekiti wa kijiji, kofia magotini.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti yangu."

"Selestini, risala yetu iko wapi?"

"Si ndiyo hii naigeuza. Nikimaliza naisevu kwa jina la mwenyekiti, ya kwenu inabaki."

"Inabaki wapi? Inajisevu yenyewe hiyo. Kila ulichofuta kimefutika kweli."

"Ungeniambia, dada."

"Nikwambie nini, na wewe unageuza kazi za watu kama chapati?"

Mzee Kipriani akakohoa. "Isiwe shida, binti. Mgeni hapokelewi kwa malalamiko. Hii moja inatutosha wote."

"Inamtosha nani, baba? Mama Serafina, mkeo, nimepishana naye asubuhi ana ndoo kichwani, anakwenda korongoni. Na yeye inamtosha?"

Mzee akaigeuza kofia yake. Selestini kwa aibu akanyoosha mkono aifunge faili. Felomena akamdaka.

"Usifunge. Ukifunga tumekwisha. Hebu toka hapo."

Akakaa, akabonyeza kale kamshale kanakopinda kushoto, kanakorudisha nyuma. Akabonyeza, akabonyeza. Shukrani zikaanza kuliwa. Usiku na mchana ukaondoka, kutiririka kukaondoka, upepo ukarudi mahali pake. Na kompyuta, kwa utiifu ule ule, ikasevu.

"Mbona ya kwangu inaisha?" mzee akauliza.

"Imeshaisha, mwenyekiti."

"Sasa mimi nitasoma nini?"

"Printi mbili," Felomena akamwambia Selestini. Moja akampa mzee kwa mikono miwili, ingali ya moto. "Soma hii. Kijiji ni hicho hicho."

Mzee akavaa miwani. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye bomba, akasimama hapo.

"Mmeandika mwezi mmoja."

"Ndiyo."

"Hata mwezi haukufika," mzee alisema. "Rekebisha."

Felomena akarudi kwenye kibodi, akarekebisha. Kusevu hakuhangaika nako.