Kamba Kumi Chini ya Bahari

Maurine alikuja kwangu Malava na madaftari yangu ya zamani niliyoyaacha pwani, ameyashika kama mtu aliyebeba mayai. Msichana wa Likuyani, mtoto wa wakulima wa mahindi, eti anasomea bahari! Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba mimi, mtoto wa miwa, niliihesabu bahari hiyohiyo kwa miaka miwili.

"Mzee Sifuna," akasema, "hapa umeandika kamba ya kwanza, aina kumi na mbili. Kamba ya tano, thelathini na moja. Kamba ya tisa, arobaini na nne. Sasa kamba moja ilikuwa mita ngapi?"

"Kamba ni kamba," nikamjibu kwa ukali.

Ukali wenyewe ulikuwa aibu. Tepu ya mradi ulioniajiri kuhesabu viumbe wa bahari ililiwa na chumvi mwezi wa kwanza tu, nikatengeneza kamba ya nailoni ya hatua ishirini, jinsi baba alivyonifundisha kupima mashamba ya miwa. Huku kwetu Kabras nani angeuliza mita? Nilipiga mbizi, nikailaza kamba mara kumi kutoka ufuoni kuelekea kilindini, nikaandika kila kilichoishi pale: matumbawe ya kila umbo, sponji, majongoo bahari, viti vya pweza vyenye umbo la nyota. Karibu na ufuo vilikuwa vichache. Nilivyozidi kusonga vilizidi, hata nikawa nasahau kuhesabu kwa kushangaa. Ee Mungu, rangi zile! Nazikosa hadi leo.

Mwaka wa tisini na nane maji yalipata joto, matumbawe yakafa, yakabaki meupe. Pale mwambani, madaftari yangu ndiyo kumbukumbu pekee ya siku za kabla.

"Wenzangu wanasemanga ulikisia tu," Maurine akasema polepole. "Nisipojua kamba ni mita ngapi, siwezi kurudi palepale nihesabu tena. Watayatupa madaftari haya. Hiyo kamba iko wapi, Mzee?"

"Iko na mke wangu."

Akageuka kumtafuta jikoni. Ikabidi nimweleze. Siku ya kumzika Phoebe, kamba moja ya kushushia jeneza ilikatika, nami nikaitoa yangu. Ilishuka naye, nikawakataza wasiivute. Sijajuta hata siku moja, na hata pale mbele ya Maurine sikujuta, ingawa niliona macho yake yakilengwa na machozi.

Nikammiminia chai, nikatazama shamba langu dirishani. Ndipo nikaruka kitini kama kijana. Mpaka! Nilipokuja likizo mwaka wa tisini na saba, mimi na Phoebe tuliupima mpaka wa shamba kwa kamba ileile. Kamba kumi kamili, na kila mwisho tukapanda lusiola, mti wetu wa mipaka. Yote miwili ingali imesimama.

Nilimpeleka Maurine kando ya miwa. Zamani hapo palikuwa na njugu, maboga, mtama na kunde. Siku hizi ni miwa mitupu. Akachukua tepu ndefu akaenda nayo mbele, mimi nikabaki na ncha kwenye mti wa chini, aliposimama Phoebe siku ile.

"Mzee, vuta! Umeilegeza!" Maurine akapiga kelele.

Phoebe alinikemea hivyohivyo, akaongeza kwamba mwanamume anayepimia samaki hawezi kupima shamba. Nikavuta. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Tulipofika mti wa juu, jumla ilikuwa mita mia moja themanini na tano. Maurine akaandika kwenye jalada la daftari: kamba moja, mita kumi na nane na nusu.

Miezi miwili baadaye akanipigia simu kutoka pwani. Kamba ya tano, aina tisa tu zimebaki. Moyo uliniuma. "Lakini ya tisa, Mzee, kule kwenye maji baridi, nimepata arobaini! Karibu zote ni zilezile ulizoandika. Hakuna tena anayesema ulikisia."

Nilikata simu, nikashuka hadi kaburini kwa Phoebe. Nikamwambia kamba yetu imekubaliwa.