Mukate wa Shangazi Émilienne

Mimi nilipona, na kupona kwangu ndiko kulikomzuia shangazi yangu asirudi mjini Baraka. Nilimwambia daktari hivyo siku ya kwanza, akanikodolea macho. Basi nikamweleza tangu mwanzo, na wewe nitakueleza vilevile, ila usinikatize, maana nikikatizwa katika jambo hili nakasirika.

Shangazi Émilienne ni dada mdogo wa baba yangu, Bertin. Tulipokuwa wakimbizi kule Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, alijifunza kuoka mikate. Tuliporudi Baraka akajenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba yetu, na kila asubuhi parsele nzima, ua wote, ilinukia mkate. Hakujaliwa mtoto. Watoto wake tulikuwa sisi, mimi Aline na mdogo wangu Fabien. Mkate wa kwanza kutoka tanurini ulikuwa wetu. Alimega kipande, akakitafuna mbele yetu, akameza, ndipo akatugawia. Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimpa mtu chakula au kinywaji unaonja wewe kwanza, ajue hukumtilia sumu, hata akiwa ni mtoto wa kaka yako.

Fabien akaanza kuharisha. Si kuharisha kwa siku mbili ukapewa maji ya chumvi na sukari yakaisha. Kulikwenda, kukapumzika kidogo, kukarudi. Tumbo likavimba, mikono na miguu ikabaki mifupa, akawa mtoto wa kununa na kulialia, yeye ambaye zamani alikuwa hatulii mahali. Alipewa dawa za minyoo, dawa za amiba, dawa za malaria, na kila dawa ilipoisha alikuwa amepungua tena. Alikufa kiangazi, na wakati tunamzika mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuharisha.

Mama alikwenda kwenye chumba cha maombi. Mama nabii wa pale akafumba macho, akasema mkono umetoka ndani ya nyumba. Wee, baba hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ni mkono wa nani uliokuwa unatulisha kila asubuhi? Ni mwanamke gani asiyezaa anakaa na watoto wa wenzake? Kuna waliokumbuka kwamba alikuwa anaonja. Wakajibiwa kwamba mwenye sumu hunywa kwanza dawa ya kuizuia, ndiyo maana yeye hafi. Sasa hapo mtu atajitetea kwa lipi? Asipoonja ni mchawi, akionja ni mchawi mjanja. Vijana wa avenyu, mtaa wetu, wakamtupia mawe. Akaondoka na beseni lake kichwani kuelekea kijiji cha Lweba, na baba alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia.

Mimi nikapelekwa kwa mzee anayetapisha watu sumu. Alininywesha majani machungu mpaka nikatapika nyongo, halafu akanipa mwiko: kile kilichobeba sumu nisikile tena mpaka kufa. Maana yake mkate, beinye, yaani maandazi, chochote cha unga wa ngano. Mama aliushika mwiko ule kuliko amri za Mungu. Nikala bukari, ule ugali wetu wa muhogo, ndagala, yaani dagaa, sombe ya majani ya muhogo, ndizi. Masika hayajaisha nikawa nimenenepa.

Avenyu nzima ilikuja kunitazama. Walinishika mashavu, wakanipima mkono kwa vidole, wakaambiana, mmeona, tangu yule mama aende, mtoto amepona. Nilikuwa ushahidi unaotembea. Nimekulia katika hilo. Kila mtu aliponisifu afya, nilijua anamtukana shangazi.

Tanuri halikuvunjwa, kila mtu aliogopa kuligusa. Likaota nyasi. Lakini kuna asubuhi ambazo nilikuwa nafagia uani na harufu ya mkate ikanijia puani, mkate wa moto kabisa, na moto haujawashwa pale kwa miaka. Mama naye alikuwa anaisikia. Hakusema, ila niliona anaacha kuosha vyombo na kutazama kule nyuma, kisha anaendelea kwa haraka. Na harufu ile haikuja peke yake. Ilikuja na Fabien. Sikumwona, siwezi kukudanganya. Nilimsikia akitafuna. Mdogo wangu alikuwa anatafuna kwa kelele, mdomo wazi, na sauti ile naijua kama ninavyojua jina langu. Niliogopa sana, na nilimkumbuka sana, yote mawili kwa pamoja.

Mwaka jana nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwenye harusi ya mwenzangu nikala sambusa, tena nyingi. Nilijiambia sambusa si mkate. Niliumwa hadi nikadhani nazikwa. Nilipokwenda hospitali nikakuta madaktari kutoka Bukavu waliokuwa wakifanya utafiti juu ya magonjwa ya tumbo yasiyoisha, hasa yale ambayo mwili wenyewe unajipiga. Docta Wilfried, kijana mtulivu mwenye kupenda kuuliza, akaniuliza nilikula nini, na zamani nilikula nini, na niliacha lini. Hapo ndipo nilipomsimulia yote haya.

Akaniambia kuna watu ambao mwili wao ukikutana na ngano, askari wa mwili wanachanganyikiwa na kuanza kupiga matumbo yao wenyewe. Utumbo unaharibika, chakula hakiingii mwilini, mtoto anaisha huku anakula. Askari wanaopiga watu wao? Mimi ni wa Fizi, nimekulia vitani, sikuhitaji maelezo zaidi. Akasema ugonjwa huo unatembea katika ukoo, na kwetu haujulikani sana kwa sababu watu wengi hawali ngano kila siku. Niliuliza kama ndio uliomuua Fabien. Akasema wafu hawezi kuwapima, lakini mimi anaweza.

Wakanitoa damu. Jibu likaja: hakuna kitu.

Nililia pale mbele ya watu bila aibu. Docta akanikalisha chini. Akasema damu yangu ni safi kwa sababu ya mwiko. Nimeshika mwiko miaka yote, askari wamerudi kambini, na kipimo hakiwezi kuona askari waliolala. Sambusa za siku moja zilitosha kuniumiza, hazikutosha kuwaandikisha katika damu. Ili waonekane, lazima nile ngano kila siku, wiki baada ya wiki, ndipo wapime tena na kuingiza mpira wenye kamera mpaka ndani ya utumbo. Akasisitiza kwamba kwa ajili ya afya yangu sina haja. Niishi bila ngano, inatosha. Nikamwambia si kwa ajili ya afya yangu.

Siku hiyohiyo nikanunua mkate sokoni. Sikuula kwa siri, la hasha, nilikaa mbele ya baba nikaumega. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Nikamweleza yote aliyoniambia daktari. Akasikiliza, akasema wazungu wana majina ya kila kitu, na kwamba Émilienne ananiita kutoka Lweba ili amalize kazi. Mama alitoka nje, hakuweza kutazama.

Nikala. Mkate asubuhi, mkate jioni. Mwanzoni ulikuwa mtamu, na utamu ule ulinitia hofu kuliko kitu kingine, kwa sababu ulimi ulikuwa unaukumbuka. Kisha tumbo likaanza. Kuharisha kukarudi, uso ukapauka, nikawa nafundisha nimekaa. Siku moja naoga nikatazama chini, nikaona miguu ya Fabien. Ilikuwa miguu yangu, najua, lakini ilikuwa yake, magoti yale makubwa na mapaja yaliyoisha. Tangu hapo hakuniacha. Nilipoketi kula alikuwa upande wangu wa kushoto, anatafuna. Nikimaliza, anangoja. Ilikuwa kana kwamba anataka zaidi, na mimi nikamegea mdomo wangu kipande kingine, maana ningefanya nini?

Sikuwa nimefikiria watu. Hilo ndilo lilikuwa balaa. Walioniona nimenenepa wakaniona sasa nakonda, na hawakuona mkate, waliona shangazi. Maneno yakazunguka avenyu kwamba mama wa Lweba ameamka. Lionel, mtoto wa baba mdogo, akakusanya vijana wenzake. Walisema safari hii si mawe ya kufukuza, ni kwenda na petroli. Niliwapigia kelele uani kwamba ni mimi ninayejilisha, ni kwa hiari yangu, wakanihurumia kama wanavyohurumia mtu aliyerogwa. Nikataka kuacha. Lakini nikiacha kipimo kitatoka safi tena, na yeye atabaki mchawi mpaka kufa. Nikiendelea, huenda wakamchoma kabla jibu halijafika. Niambie wewe ungechagua lipi.

Nikampigia baba magoti. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kumzuia Lionel, mkubwa wa ukoo ni yeye. Alinitazama jinsi nilivyokuwa, na nikaona kwamba hanioni mimi, anamwona mtoto wake wa kiume.

"Nitabazuia mpaka karatasi ya docta itoke," akasema. "Ikisema hauna ugonjwa, mi sitabazuia tena."

Wakanitoa damu tena. Wakanimezesha mpira ule, nikadhani roho inatoka, wakakata vipande vidogo vya utumbo na kuvipeleka kuchunguzwa. Wakati wa kungoja nilikuwa nalala chini sebuleni, na Lionel anapita mbele ya mlango wetu, anapita tena. Fabien akatulia. Hakuwa anatafuna. Kimya chake kilinitisha kuliko kelele yake.

Docta Wilfried alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa na baba, na mama, na Lionel, akawaeleza polepole, bila kiburi. Damu imejaa askari. Utumbo umesagika. Ni ugonjwa, una jina, hautiwi na mtu yeyote, mtoto anazaliwa na mlango wake na ngano ndiyo inayoufungua. Akasema, kwa jinsi alivyosimuliwa dalili za Fabien, anaamini ilikuwa ni huohuo. Baba akauliza swali moja tu, kama kuna mkono wa mtu. Docta akasema hakuna. Lionel akaondoka bila kuaga. Baba akaweka uso wake katika mikono, na akalia kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, hata kwenye mazishi.

Nikaacha mkate siku hiyo. Niliporudi kusimama vizuri kwa miguu yangu tukapanda pikipiki, baba na mimi, tukaenda Lweba.

Nilikuwa na furaha, nisikufiche. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulimkuta nyuma ya kibanda chake anageuza ndagala juani. Amezeeka, mgongo umeinama, lakini uso ulikuwa umetulia, uso wa mtu asiye na deni kwa yeyote. Alipotuona hakukimbia. Baba akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya dada yake mdogo, kitu ambacho mwanaume wa kwetu hafanyi, akamwambia nimekukosea. Yeye akamwinua, akamwambia inuka, yaya, kaka yangu, bamama bananiangalia. Akatuletea maji, akaonja kwanza, akatupa kikombe, nasi tukanywa.

Kisha nikamweleza mimi. Nilitaka niwe mimi. Nikamweleza askari, ngano, utumbo, ukoo. Nikamwonyesha karatasi. Nilimwambia sasa kila mtu anajua hukumtilia Fabien kitu chochote, hakukuwa na sumu, Lionel anajua, mama anajua. Nikangoja acheke, au alie, au amshukuru Mungu.

Alikuwa anatazama ndagala.

"Kwa hiyo ilikuwa mukate," akasema.

Nikamwambia ni ugonjwa, shangazi, wewe hukufanya kitu.

"Nimesikia. Lakini mukate ulikuwa wangu."

Shangazi akaendelea, kwa sauti ya chini, wala hakuwa anazungumza nasi tena. Alisema kadiri Fabien alivyokuwa anakonda, yeye ndivyo alivyomwongezea. Alisema mtoto aliacha kutaka bukari, akaacha kutaka samaki, alikuwa anaomba mkate tu, na yeye alimfichia ule laini wa katikati. Mwishoni, alipokuwa hawezi kutafuna, aliulowesha katika chai na kumlisha kwa kidole.

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na jua lile.

"Aline, mutoto wangu," akasema, "miaka yote hii bananiita mulozi, na mi nilikuwa nalala vizuri. Nilikuwa najua sikumuua."

Tulimrudisha Baraka jioni hiyo. Watu walitoka kumpokea, wengine na kuku, wengine na aibu yao, na baba amempa chumba kilichokuwa cha Fabien. Anakula vizuri, anasalimia kila mtu, amewasamehe wote. Ila usingizi haupati tena.