Koti la Lindo

Askari aliyekuja kudai koti alifika mvua ikinyesha, akasimama chini ya turubai lililofunika mbele ya mlango wetu. Mama alikuwa kwenye cherehani, anapinda suruali za shule. Hakuinua uso.

"Hodi, mama."

"Sema ukiwa hapo hapo."

Akaeleza kwamba alikuwa lindo moja na kaka yangu, kule juu mpakani, ambako mvua huchanganyika na barafu. Kaka tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia. Alishushwa kutoka huko akiwa na homa ya mapafu, amefungwa ndani ya koti kubwa la mvua la jeshi, na hospitali wakatukabidhi koti hilo pamoja na viatu vyake. Tangu hapo lilining'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani. Mama alilipangusa vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai.

"Pole kwa msiba, mama," askari alisema. "Nimetumwa kuchukua koti."

Mguu wa mama ukaacha kukanyaga cherehani.

"Umetumwa kuchukua nini?"

"Koti la lindo. Si la mtu mmoja. Anayeingia zamu hulipokea kwa anayetoka, likiwa bado na joto la mwenzake. Mvua kubwa zimeanza na hatuna jingine. Tumeomba, tunaambiwa tusubiri."

"Kwa hiyo umekuja kulidai kama vile niliazima sufuria."

"Hapana, mama."

"Siku ya mazishi alikuja mkubwa wenu, viatu vinang'aa, akasoma karatasi kwamba taifa linamshukuru mwanangu kwa kusimama kwenye mvua na baridi. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Leo mnataka nguo yake. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Askari alijipangusa uso kwa kiganja. Hakuwa na mwavuli wala koti, shati la kazi tu, na maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka kwenye kofia hadi shingoni.

"Halafu toka chini ya turubai langu," mama aliongeza. "Hilo nililinunua mimi, si serikali."

Nilidhani ataondoka. Alirudi nyuma hatua moja, akasimama kwenye mvua, mikono ubavuni. Jirani yetu muuza mkaa alichungulia kutoka kibandani kwake.

"Mama fundi, siku hizi una mlinzi? Mambo yako mazuri."

Mama akarudi kukanyaga cherehani. Nikamnong'oneza, "Mama, ataugua yule."

"Wangu aliugua. Nani alimwonea huruma? Walimwacha pale kama gogo."

Alilisema kwa sauti, ili lifike nje. Likafika.

"Jiko hakuachwa, mama," askari alisema. "Mengine sema yote, hilo usiseme."

"Jiko ndiye nani?"

"Mwanao. Kule tulimwita Jiko." Alikuwa amekasirika sasa, midomo inamtetemeka kwa hasira au kwa baridi. "Siku ile zamu ilikuwa yangu. Koti nilikuwa nimelivaa mimi. Nilimkuta anatetemeka, hata bunduki haishikiki. Nikalivua, nikamfunga nalo mpaka kidevuni, wakamshusha. Mimi nikasimama bila. Tangu siku hiyo wote tunasimama bila. Sidai shukrani. Nadai koti."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ungenisikiliza?"

Mama akainuka, akalichomoa koti msumarini, akamrushia usoni. "Chukua. Potea nalo."

Alilivaa pale pale mvuani. Haukupita muda mabega ya koti yakapitisha maji. Akalivua, akaligeuza ndani nje. Mpira uliopakwa kwa ndani kuzuia maji ulikuwa umebanduka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua.

"Lilifuliwa?"

"Nililichemsha," mama alisema. "Lilikuwa linanuka hospitali."

"Basi halikingi tena." Alianza kulikunja taratibu, mkono juu ya mkono, vile vile walivyofundishwa. "Si kitu. Nitalipeleka hivi hivi."

"Leta hapa."

"Mama, si kitu."

"Leta, bwana. Huko kwenu hamfundishwi kutii amri?"

Aliniagiza kigoda na mkasi. Akapanda, akaanza kufungua kamba za turubai la mlangoni.

"Mama, maji yataingia ndani."

"Yaingie. Mimi nina paa."

Akamwita askari ndani, akamsimamisha kwenye kona na kumkataza kugusa suruali za watu. Kisha akakata, akashona turubai ndani ya koti, mgongoni na mabegani, na juu ya kila mshono akasugua mshumaa kuziba matundu ya sindano. Muda wote alitukana. Alimtukana aliyelishona mara ya kwanza, eti alikuwa anawahi chakula. Alimtukana yule mkubwa mwenye viatu, na askari mwenyewe kwa kulowesha sakafu. Askari alishika upande mmoja wa kitambaa, akajibu, "Ndiyo, mama," kila alipoachiwa nafasi.

"Kwa nini Jiko?" mama aliuliza, macho kwenye sindano.

"Usiku wa baridi kila mtu alitaka kukaa karibu yake. Alikuwa na vichekesho."

"Mwanangu hakuwa chombo cha kupikia."

"Ndiyo, mama."

Hata hivyo cherehani ilinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Alipomaliza alimvalisha, akamfunga vifungo mpaka kidevuni, na bila kumwonya akamwagia jagi zima la maji begani.

"Yamepita?"

"Hayajapita."

"Haya, nenda. Wenzako wanalowa."

Askari alifungua mdomo.

"Usinishukuru," mama alisema. "Nimeshashukuriwa mwezi uliopita, na bado sijapona."

Akaondoka. Maji yalikuwa yameshavuka kizingiti, yanafuata miguu ya cherehani. Mama alishika upande wake, mimi wangu, tukaisogeza ndani, akarudi kwenye suruali zake.

Turubai jingine hatujanunua. Mvua ikianza, mama hunitazama tu, nami huinuka tukasogeza cherehani.