Mabati ya Chumba cha Wazazi

Mimi ni fundi cherehani, na bora uyasikie kwangu kabla hujaambiwa na mwingine: nilikuwa mwongo. Si mwizi, hapana. Nilikuwa na uongo wa kifundi. "Njoo Jumamosi, wallahi suruali utaikuta imepigwa pasi." Jumamosi ukija unakuta kitambaa hakijauona hata mkasi. Kijiji kizima cha Nyamwaga kilinijua hivyo.

Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Mzee Werema, na hata siku moja hakunidai kodi. Yeye alikuwa Mkurya wa hapa hapa, ila dini yake ilikuwa ile ya Marafiki, Wakristo wanaoitwa pia Wakweka, aliyoikuta Kaimosi, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, alikofanya kazi ujanani. Jumapili walikaa watu saba sebuleni kwake, kimya, bila mhubiri, mpaka mmoja wao asikie ana neno la kusema. Kimya cha namna hiyo mimi kingeniua.

Dukani ndiko alikonikera zaidi. Bei yake ilikuwa moja kwa mtoto na kwa diwani, hashuki. Sasa sisi watu wa biashara, kupatana bei si ndiyo kusalimiana kwenyewe? Nikamwambia kwa heshima ya Kikurya, "Tata, unafukuza wateja." Akasema, "Nikikupunguzia wewe, yule wa jana nitakuwa nimemwibia." Na kiapo hakutaka hata kukisikia. Kila nikisema wallahi anainua miwani: "Lukmani, na yale uliyosema bila wallahi, yalikuwa uongo?" Nikakanyaga cherehani kwa nguvu.

Faida yake hakujijengea nyumba. Alinunua madawati ya shule, kisha akaanza kujenga chumba cha wazazi kando ya zahanati, maana wanawake walikuwa wanajifungulia njiani kwenda hospitali Tarime. Mke wangu Sophia alikuwa mmoja wao. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na hakulia. Tulimzika siku hiyo hiyo. Mwaka sabini na sita Sophia alikuwa tena na mimba, miezi saba, na mimi kila asubuhi nilipita kwanza kukitazama kile chumba kabla sijafungua kazi. Kuta zilikuwa tayari, kenchi za paa zimepanda. Mabati yalikuwa yamelala dukani kwa Mzee Werema. Kilichokosekana ni misumari ya bati, mwaka mzima haikupatikana.

Ndipo likaja agizo la kufunga maduka ya watu binafsi, yabaki ya kijiji tu. Jumatano bwana mmoja kutoka wilayani akafika na daftari lake, akayaona yale mabati, akaitisha mkutano papo hapo.

"Huyu ameyaficha ayauze kwa magendo," akasema. "Ijumaa asubuhi lori litakuja kuyachukua."

Mzee Werema akasimama, kofia mkononi. "Ni ya chumba cha wazazi."

Mwenyekiti wetu Heche, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaona pa kupitia. "Tata, kula yamini tu, tumalize."

Huku kwa Wakurya yamini si mchezo. Anayeila kwa uongo, kifo kinaingia ukooni mwake, ndivyo wanavyoamini. Na anayekataa kuila, basi ana hatia, hakuna anayeuliza zaidi.

"Siapi," akasema Mzee Werema. "Nimeshasema ni ya nini."

Watu wakaguna. Mimi kichwa kilipata moto. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mzee wakati ule. Neno moja tu, alitamke, mke wangu apate paa! Nikasimama. "Basi naapa mimi kwa niaba yake," nikasema. "Wallahi billahi, mabati ni ya zahanati."

Mkutano mzima ukacheka. Bibi Mokami, ajuza ambaye hakuna aliyethubutu kumkatiza, akanigeukia. "Lukmani, gauni la harusi ya binti yangu uliniapia hivyo hivyo. Binti sasa ana watoto wawili." Hata yule bwana wa wilaya akacheka. Nikaketi, natamani ardhi inimeze. Siku niliyokihitaji kiapo changu kwa kweli, nilikuwa nimeshakimaliza chote kwenye suruali za watu.

Lakini Bibi Mokami hakukaa. "Huyu asiyeapa," akamwambia bwana wa wilaya, "nimenunua chumvi kwake miaka kumi na mmoja. Nikituma mjukuu asiyejua kuhesabu, chumvi inakuja ile ile. Sasa nijibu, mwanangu. Mabati yakiwa juu ya chumba cha zahanati, utayang'oa?"

Bwana yule akafikiri. "Yakiwa juu, hayo si ya duka tena. Lakini yawe yamepigiliwa. Nisikute mabati yamewekewa mawe."

Misumari, basi. Binamu yangu Athuman, seremala wa Tarime mjini, alikuwa na kopo kubwa la misumari aliyoitunzia nyumba yake mwenyewe. Nikasimama tena, safari hii kwa woga. "Nitaileta kesho kabla ya adhuhuri, wal..."

Mzee Werema akainua mkono. "Ishia hapo. Utaileta?"

"Nitaileta."

"Basi," akasema, akavaa kofia yake.

Nikaondoka na baiskeli alasiri ile ile. Athuman alinicheka kwanza, halafu nilipomtajia Sophia akaenda uvunguni, akalitoa kopo. Alfajiri nikashika njia. Nikiwa hata nusu sijafika, gurudumu la nyuma likapasuka, na kiraka sina. Nikaisukuma ile baiskeli milima na mabonde, kopo limefungwa nyuma, jua linapanda. Moyo ukaniambia, unakimbilia nini, nani anakungoja wewe? Kweli, nani angemngoja Lukmani? Nilijua watu watakuwa wamerudi mashambani kwao. Nikaendelea kusukuma, nikilia kwa hasira.

Nilipofika zahanati jua lilikuwa utosini. Nikakuta watu kama arobaini wameketi chini, nyundo mapajani, ngazi zimeegemezwa ukutani, mabati yametolewa nje. Na wote kimya. Kimya kile cha Jumapili cha Mzee Werema, naye ameketi katikati yao juu ya ubao.

Heche alinisimulia baadaye. Saa nne walikuwa wameinuka waondoke. Mzee Werema akawaambia, "Lukmani amesema kabla ya adhuhuri." Mmoja akauliza kama niliapa. Akajibu, "Hapana. Amesema." Na kwa kuwa ni yeye aliyenena, wakaketi.

Aliniletea maji kwa mkono wake. Akalitazama jua, akanitazama mimi. "Pole na safari, fundi," akasema. Nikayashika yale maji bila kuyanywa. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuningoja.

Jioni ile bati la mwisho lilipigiliwa. Ijumaa lori likaja, yule bwana akapanda ngazi, akagonga gonga, akashuka. Akachukua sukari na khanga na vyote vilivyokuwa dukani, na Mzee Werema akamkabidhi ufunguo. Akarudi kulima ndizi. Duka lilimuuma, nilimwona, ila hakulisemea.

Sophia alishikwa na uchungu siku ya mvua kubwa. Nilisimama nje chini ya upenu, na mvua ilivyopiga yale mabati sikusikia kitu chochote kutoka ndani. Niliweka sikio ukutani. Sikusikia. Nikajua ni yale yale ya mkokoteni. Ndipo mkunga wetu Bernadetha akafungua mlango, amefura. "Ingia umchukue huyu binti yako," akasema. "Analia mpaka masikio yananiuma."

Wiki iliyofuata Bibi Mokami akaja barazani na kitambaa cha gauni la mjukuu.

"Lini?"

"Jumamosi, bibi."

Akasimama pale, anangoja niendelee. Sikuendelea. Akaja Jumamosi, akalikuta gauni limepigwa pasi.