Stoo ya Mafagio

Sheria ya lile jengo ilikuwa moja: mtu asilale humo. Sisi tulilala humo miaka thelathini na mmoja.

Mume wangu alikuwa mtunza jengo, mimi mfagiaji. Ghorofa sita za ofisi, ngazi za mbao nzito, na juu kabisa, nyuma ya mashine ya lifti, chumba kimoja chenye dirisha. Kwenye makaratasi kiliitwa stoo ya mafagio. Meneja wa kwanza alijua tunaishi humo akafumba macho. Alituambia tu, "Wakija wakaguzi, nisione hata kijiko."

Basi tukajifunza. Wakiwa bado ghorofa ya tatu, mimi nimeshakunja godoro nikalisukuma nyuma ya tangi la maji, jiko ndani ya ndoo, ndoo ndani ya ndoo nyingine, nguo zetu kwenye gunia la matambara. Mafagio mbele. Dakika nane. Binti yetu alikulia humo, na alijua kunyamaza kabla hajajua kusema.

Miaka ikaenda, ofisi zikahama moja moja, jengo likabaki na njiwa, sisi wawili, na fundi viatu aliyejibanza chini ya ngazi. Mume wangu hakuacha kuzunguka na funguo zake kila asubuhi. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini mle ndani ungeapa anaona. Ngazi kumi na nne, kona, kumi na nne nyingine. Alijua mlango gani unakwama na ubao gani umelegea. Barabarani nilimshika mkono kama mtoto. Mle ndani, umeme ukikatika, yeye ndiye aliyenishika mimi. Kwa hiyo nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: tufie mle. Siku akitolewa, ndiyo siku atakayopofuka.

Tukasikia jengo limeuzwa, zile ofisi zinageuzwa fleti.

"Shemeji," fundi viatu aliniambia, "pale alipokuwa anakaa mhasibu mkuu, mtu atakaangia mayai."

"Na sisi je?"

"Sisi panya wa zamani. Tungoje tumwone paka."

Paka wakaja asubuhi moja, wawili: dada mmoja mwenye fomu na kamera, na mhandisi mwenye kofia ya plastiki. Mume wangu alizisikia sauti kabla yangu.

"Wakaguzi," akasema.

Hatukuulizana. Magoti yangu haya haya yaliyochoka, nilimaliza kwa dakika sita. Nilichota hata vumbi la nyuma ya mlango nikalinyunyiza pale palipokuwa na godoro. Sijawahi kuficha vizuri vile.

"Shikamoo bibi," yule dada akasema, anahema kwa ngazi. "Hapa anaishi mtu?"

"Marahaba mwanangu. Aishi nani hapa? Stoo hii."

"Una hakika, bibi? Hamna mtu anayelala humu?"

Mara ya pili aliuliza polepole, kama mtu anayekushikia mlango usijifunge. Mimi sikuuona huo mlango. Nikasema, "Mafagio tu, mwanangu."

"Tena yanazaana," mume wangu akaongeza, na wote wakacheka.

Akapiga picha. Mhandisi akagonga ukuta kwa vidole. "Huku juu patapendeza," akasema. "Jiko litakaa hapa." Alikuwa anaionyesha ndoo niliyofichia jiko langu.

Walipofika chini walimkuta fundi viatu amelala mkekani, mguu uko nje, anakoroma. Sisi siku zote tulimsema kwa uzembe wake huo. Adhuhuri akapanda kwetu na karatasi mkononi.

"Wameniandika!"

"Wamekuandika kesi?"

"Mkaazi! Kila waliyemkuta anaishi humu atapewa chumba humu humu wakimaliza. Manispaa imewapa sharti hilo. Nyie wamewapa ghorofa ya ngapi?"

Mume wangu akaanza kuzipapasa funguo zake, moja baada ya moja.

"Tulisema ni stoo," nikasema.

Fundi viatu hakucheka. "Mficha uchi hazai," likamtoka, kisha akaona haya, akatazama chini.

Kesho yake nilishuka kwa yule dada, alikuwa ameweka meza pale mlango mkubwa wa mbele. Nikamweleza yote, sikubakisha.

"Bibi, nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza, mwanangu."

"Orodha imeshakwenda. Nikisema nimekosea, wataitazama picha."

Akanigeuzia. Picha nzuri, imeng'aa. Mafagio, ndoo, gunia, vumbi. Niliitazama kona kwa kona nikitafuta hata kijiko chetu. Hakikuwepo. Miaka yote ile, na sisi hatukuwemo.

"Twende ukalione godoro," nikasema.

"Godoro mtu anaweza kulipandisha leo, bibi."

Ni kweli, anaweza. Fundi viatu akaenda kutusemea. Wakamwuliza sisi ni nani wake, akajibu kama alivyozoea kutuita, "Shemeji zangu." Wakamwambia, ndiyo maana unawasemea.

Mlango mkubwa na zile ngazi hawavivunji. Wanasema ni vitu vya kale, lazima vitunzwe.

Sasa tuko kwa binti yetu, nje kabisa ya mji. Nyumba ya chini, vyumba viwili, wajukuu wanne. Ametupokea vizuri, sina la kulalamika juu yake. Siku ya kwanza mume wangu alishika ukuta wa ukumbini akaanza kuhesabu, akanyanyua mguu kupanda ngazi isiyokuwepo, akaangukia uso. Hajajaribu tena. Anakaa ukingoni mwa kitanda, funguo mapajani, ananiuliza kama kumekucha. Watu husema subira yavuta heri. Mimi nimesubiri, na nimechoka kuitazama njia.

Mtu akibisha hodi, hata kama ni jirani tu anaomba chumvi, mume wangu hugeuza kichwa, ananong'ona, "Kunja godoro, mama."

Binti yetu humwambia, "Baba, hapa ni kwako. Hakuna wa kukutoa."

Hamsikii. Hutetemeka mpaka funguo zinalia. Basi nainuka, nalikunja.