Mlango Ukigongwa Mara Mbili

Basi la wafanyakazi wa hoteli lilikuwa linatafuta dereva mmoja, kwa sharti moja: upite kwanza kwenye mashine ya Bi Nassra ya kupimia madereva. Niliitaka kazi hiyo. Miaka ishirini na mbili ya gari la mchanga imeniharibu mgongo, na daktari kashaniambia nichague: mgongo au mchanga.

Mashine ipo mtaa wa Amani, chumba cha nyuma cha skuli ya udereva. Luninga tatu za mtumba, kompyuta moja, kiti, pedali na usukani wa kigari cha Keri kilichokufa.

"Hii ndiyo inipime mimi?"

"Kaa, Bwana Simai," alisema Nassra. "Humu ukigonga mtu hafi. Ndiyo raha yake."

Nikaendesha. Barabara ya Chukwani kwenye luninga ilikuwa yenyewe, mpaka matuta. Penye kivuko nikasimama, watoto wa skuli wakaanza kuvuka. Mlango wa chumba ukagongwa mara mbili. Nikaachia klachi, nikaenda. Luninga zikawa nyekundu.

"Hukuwaona watoto?"

"Niliwaona."

"Sasa?"

Nikamweleza. Kwenye gari la mchanga huoni nyuma wala kushoto. Jaku, utingo wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, hupiga bodi: mara moja simama, mara mbili nenda. Nikisikia mbili siangalii tena.

Mlangoni alikuwa Tabia, karani, kaleta chai. "Hee! Kumbe mie ndo nimeua watu?"

Nassra hakucheka. "Rudia."

Nikarudia. Kivuko cha kwanza salama, cha pili salama. Cha tatu nikasimama kumpisha bibi mwenye mkongojo. Alipofika katikati ya njia, Nassra akagonga meza mara mbili. Mguu ukanyanyuka. Gari likamkumba bibi.

"Nilijua utanitega," nikasema.

"Na bado ukaenda."

Akachukua fomu. "Naweza kuandika mashine imeharibika," alisema, macho kwenye kikombe. "Ukaja tena mwezi ujao."

Nikawafikiria wapishi na wafagizi wanaoteremka na kuvuka mbele ya basi, na mtu mmoja ndani anapiga bodi mara mbili kwa mazoea tu.

"Andika ulichokiona."

Akaandika. Kazi kapewa Mansour, dereva wa teksi, hajawahi kuwa na utingo maisha yake.

Mimi nimerudi kwenye mchanga. Nimemwambia Jaku asipige bodi tena, ateremke aje dirishani aseme. Anasema nimeanza kujidai.